Neno Moja kwenye Ripoti Namba 48117

Tarehe 19 Januari 2023, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, ripoti ya hitilafu namba 48117 ilifungwa kwa neno moja: "Imepona." Ukurasa wa ripoti hiyo uko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na saa ya kufungwa imeandikwa pembeni. Aliyeandika neno hilo ni mpokea simu wa hospitali, mwanamume wa miaka arobaini na sita asiyeona, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwake, vidole kwenye kibodi, chai ikipoa mezani.

Hospitalini wanamwita Sifuri, kwa sababu ukitaka kumpata unabonyeza sifuri. Madaktari wapya husikia jina hilo kabla hawajaiona sura yake, na baadhi hudhani ni dharau mpaka wamsikie mwenyewe akipokea: "Sifuri hapa, nikuunganishe na nani?" Chumba chake kiko chini ya ngazi, nyuma ya dirisha la kuandikishia wagonjwa. Kina viti viwili, feni inayokwaruza kila ikigeukia kushoto, na harufu ya dawa ya sakafu inayozidi ukali saa moja asubuhi na saa nane mchana, wafagiaji wanapopita. Namba za ndani mia tatu na kumi na mbili ziko kichwani mwake. Kitu ambacho hakiwezi kukaa kichwani mwa mtu ni orodha ya madaktari wa zamu, kwa kuwa hubadilika kila siku, na kuna siku hubadilika mara tatu. Orodha hiyo iko kwenye kompyuta.

Zamani alikuwa akisomewa na karani wa dirishani. Karani akienda chooni, simu ya dharura ilisubiri. Miaka mitatu iliyopita makao makuu ya hospitali yaliamua kuweka kwenye mashine zote mfumo endeshi wa programu huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea walioko pembe zote za dunia na ambao hakuna anayeuza. Ndani yake mna kisoma skrini, yaani programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye kioo. Tangu hapo Sifuri huisikiliza orodha mwenyewe, kwa kasi ambayo sikio la mtu mwingine husikia kama mbu.

Mfumo huo si mgeni kwake. Macho yalimzimika akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa ugonjwa wa shinikizo la macho, na kompyuta alijifunza baada ya hapo. Kwa miaka kumi na moja amekuwa mjaribu wa toleo linalotengenezwa, lile ambalo halijaiva, linalobadilika kila siku, na ambalo watu wa kawaida huonywa wasiliguse. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huweka mabadiliko mapya, huwasha mashine na kusikiliza. Kikiharibika kitu, huandika ripoti. Ameandika ripoti mia mbili na kumi na nne. Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake iko upande wa pili wa chumba hicho hicho cha mbele. Kompyuta ya mumewe anaiita mke mwenza. Akisikia inawashwa, huinua mguu kutoka kwenye pedali ili mwenzake apate kusikia.

"Mwenzangu ameamkaje leo?" huuliza.

"Ana mafua kidogo," hujibu mumewe, au, siku nzuri, "Anacheka tu."

Ripoti namba 48117, aliyoiandika mwenyewe mwanzoni mwa Januari, ilihusu sauti kwenye ukurasa wa kuingilia, pale mtumiaji anapochagua jina lake na kuandika nywila. Katika toleo lililokuwa likitengenezwa, mashine ilifika hapo ikiwa kimya. Mbaya zaidi, programu ya kusema ilikwama pale mlangoni ikiwa bado imeishikilia kadi ya sauti, hivyo hata mtu akibahatisha nywila na kuingia ndani, ndani nako ni kimya. Kwa anayeona, mashine ilikuwa nzima. Kwa asiyeona ilikuwa bati. Mtunzaji wa sehemu ya sauti, mtu wa nchi nyingine ambaye Sifuri hajawahi kukutana naye, alirekebisha mistari minne na kuomba ijaribiwe. Sifuri aliyaweka marekebisho, akawasha, mashine ikaongea. Akazima, akawasha tena, ikaongea. Ndipo akaandika neno lake.

Mwezi uliofuata katibu wa hospitali alimwita ofisini. Ni mwanamke asiyependa kuzunguka maneno. Alimweleza kuwa tarehe 20 Machi mashine zote zitapewa toleo jipya. Mashine za hospitali hazihifadhi kitu: kila zinapowashwa hupakua upya nakala moja kutoka makao makuu, na lolote ambalo fundi atakuwa amelibadilisha kwenye mashine moja hufutika. Nakala yenyewe hubadilishwa mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba. Kwa hiyo, alisema katibu, mashine ya simu ikiamka bubu siku hiyo itabaki bubu miezi sita, naye hawezi kuacha simu za dharura kwa mtu asiyejua nani yuko zamu. Kiti atapewa karani, na Sifuri atahamishiwa chumba cha kukunjia shashi za vidonda, ambako kazi ni ya mikono. Barua ya makubaliano hayo ilikuwa tayari, na wote wawili walitakiwa kuitia sahihi. Alimuuliza kama ana wasiwasi wowote.

"Mama, hilo nimelijaribu mwenyewe," Sifuri alimjibu. "Lilikuwepo, limekwisha. Wewe weka sahihi yako ulale usingizi."

Sifuri naye akaweka sahihi yake, katibu akimwongoza kidole mpaka kwenye mstari.

Jumatatu tarehe 13 Machi, saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta wa hospitali aliweka nakala mpya ya toleo hilo kwenye mashine ya akiba, stoo, ili ajionee mapema. Kisha akabonyeza sifuri.

"Mzee, hii yako mbona haiongei?"

"Umepandisha sauti?"

"Mpaka mwisho."

"Umebonyeza vile vitufe vya kumwamsha msomaji?"

"Mzee, vitufe hivyo ulinifundisha wewe, nikawafundisha manesi. Iko kimya. Nimeingia mpaka ndani, kimya. Ningekuwa sikujui ningesema umetuuzia mbuzi kwenye gunia."

Sifuri aliunganisha simu mbili zilizokuwa zikisubiri, moja ya maabara na moja ya ndugu wa mgonjwa, halafu akamrudia fundi na kumwomba aizime aiwashe tena. Fundi akafanya hivyo huku simu iko wazi. Zilisikika kelele za stoo, mlango na kikohozi cha mtu. Mashine haikusema kitu.

Toleo lilikuwa lifungwe Alhamisi ya wiki hiyo, saa tisa alasiri. Likishafungwa haliingii jambo, na kilichomo ndicho makao makuu wangechukua. Fundi aliwaandikia makao makuu siku hiyo hiyo akiuliza kama wanaweza kuongeza dawa yao wenyewe kwenye nakala. Walijibu kabla ya saa saba: hawaongezi chochote kisichomo kwenye toleo rasmi. Sifuri aliomba likizo ya siku tatu. Mashine ya akiba ilipelekwa nyumbani kwake kwa gari la dobi, ikiwa imefungwa kwenye shuka la wodini, na fundi akaketi nyuma akiikumbatia.

Kutafuta hitilafu kwenye mashine isiyoongea, nawe huoni, ni sawa na kuingia nyumbani kwako kwa dirisha la nyuma. Sifuri aliunganisha waya kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, inayoongea, mpaka kwenye ile bubu, na kwa njia hiyo akasoma kumbukumbu zake, mstari kwa mstari. Programu ya kusema ilikuwa imeandika kwamba imeanza. Kisha imeandika kwamba haioni kadi ya sauti. Kisha haikuandika tena. Sekunde moja na nusu baadaye kadi ya sauti nayo iliandika kwamba iko tayari, lakini hapakuwa na mtu wa kuisikia. Msemaji alikuwa amefika ukumbini kabla ya kipaza sauti, akaduwaa.

Huo ulikuwa ugonjwa ule ule wa Januari. Sifuri akaamini kwamba kati ya Januari na Machi mtu fulani, bila kujua, alikuwa ameivuruga ile mistari minne. Kilichobaki ni kuijua siku. Ukiijua siku, unajua badiliko. Ukilijua badiliko, mtunzaji analiondoa kwa dakika tano. Nakala za kila siku zinahifadhiwa, na njia ya kutafuta ni ya kukata katikati: unachukua siku ya kati, ukiikuta nzima unatafuta mbele yake, ukiikuta mbovu unatafuta nyuma.

Alianza Jumanne na nakala ya tarehe 14 Februari. Kuipakua kulichukua karibu saa mbili, kuiweka dakika hamsini. Wakati wa kuwekwa mashine iliongea vizuri, kwa sababu programu ya kusakinisha huamka taratibu na hukuta kadi ya sauti iko tayari. Ilimtajia kila hatua, ikamuuliza lugha, ikamuuliza saa, ikamshukuru. Ilipojizima na kuwaka tena kama mashine kamili, ikanyamaza. Akachukua ya tarehe 1 Februari. Kimya. Jumatano alfajiri alianza na ya tarehe 26 Januari. Kimya. Ya tarehe 22 ilipowaka, mkewe alikuwa ameshaacha kuuliza. Aliinua tu mguu kutoka kwenye pedali, akasubiri, na baada ya nusu dakika akaendelea kushona. Mteja aliyekuja kupimwa sketi alimkuta mshonaji na mumewe wote wameikodolea mashine nyeupe iliyokaa juu ya stuli, mmoja kwa macho na mwingine kwa sikio, akauliza kama kuna msiba.

"Bado," alisema mke.

Nakala ya tarehe 20 Januari ilitengenezwa siku moja baada ya Sifuri kuandika neno lake. Ile mistari minne ilikuwa ndani yake, mibichi, haijaguswa na mtu. Jumatano saa saba mchana aliiwasha. Ikanyamaza.

Aliweka mikono juu ya magoti. Mkewe alimuuliza kwa nini asirudi nyuma zaidi, kama alivyokuwa akifanya.

"Hakuna nyuma zaidi," alisema. "Nyuma ya hapo niko mimi."

Alichofanya baadaye kingeweza kufanywa Januari kwa robo saa. Aliilinganisha mashine yake na ile ya akiba, faili kwa faili, kutafuta kilichopo kwenye moja kisichokuwepo kwenye nyingine. Kulikuwa na tofauti nyingi zisizo na maana. Moja ilikuwa na maana. Ni faili la mistari mitatu, la Juni 2019, linaloiambia programu ya kusema isubiri sekunde tano kabla ya kuanza. Aliliandika mwenyewe kwa ajili ya kadi ya sauti ya kompyuta aliyokuwa nayo zamani, ambayo ilikuwa nzito kuamka. Kompyuta hiyo ilishakufa. Vilivyomo alivihamishia kwenye mpya, ile iliyokuwa imenyamaza, Januari baada ya kuandika ripoti na kabla ya kuijaribu dawa, na faili likahama navyo.

Mjaribu anayeona huifuta mashine yake kila wiki na kuanza upya, kama mtu anayeosha sufuria kabla ya kupika. Kwa asiyeona, kufuta ni nusu siku, na kazi ikikatikia katikati unabaki hujui ulipo. Kwa hiyo wajaribu wasioona, ambao kwa mradi huu hawafiki kumi dunia nzima, huweka toleo jipya juu ya la zamani, mwaka hadi mwaka, na kila toleo hurithi takataka za lililotangulia. Hakuna aliyewahi kuwakataza. Ile mistari minne ya Januari haikuwa imetibu kitu. Mashine ya Sifuri iliongea kwa sababu ilisubiri, na ilisubiri kwa sababu aliiambia isubiri, miaka minne nyuma. Kwa miezi miwili alikuwa akisikiliza kiraka chake mwenyewe.

Ili awe na hakika alilifuta faili lile na kuwasha upya kompyuta yake. Ilipofika kwenye ukurasa wa kuingilia haikusema neno, na hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Sasa alikuwa na mashine mbili chumbani na zote bubu. Hakuwa na ya kuisomea nyingine.

Alimwita mkewe. Mshonaji hajawahi kuwa na shauku na kompyuta, lakini macho anayo, na kusoma anajua. Alivuta stuli, akavaa miwani ya kutungia uzi, akawa anasoma kilichotokea kwenye kioo huku mumewe akiandika kwa kupapasa.

"Imeandika nini?"

"Kuna mstari umelala. Halafu nukta. Halafu kama ndoana."

"Ndoana imeangalia wapi?"

"Kwangu."

"Juu au chini?"

"Baba, ndoana ni ndoana. Inaangalia kwangu."

Aliandika mistari mitatu ile ile kwa mara ya pili, akikosea mara mbili, mkewe akimtajia herufi moja moja kama anayemsomea vipimo vya nguo. Ilichukua dakika arobaini. Mashine ilipoongea, mke alirudi kwenye cherehani bila kumtaja mke mwenza. Walioolewa muda mrefu wanajua wakati wa kutotania.

Saa kumi na nusu alasiri Sifuri aliandika kwenye ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima: "Ripoti hii niliifunga kimakosa. Mashine yangu haikuwa safi. Marekebisho ya Januari hayakutibu chochote. Naomba ifunguliwe." Akabandika chini yake ile mistari mitatu ya 2019.

Majibu yalikuja kabla ya magharibi. Mtu mmoja asiyejulikana, mwenye akaunti ya wiki mbili, aliandika kwamba labda safari hii mheshimiwa atasikiliza mashine badala ya mazoea. Sifuri alilirudia jibu hilo mara mbili, kwa kasi ya kawaida. Msimamizi wa toleo alikuwa mkavu. Alikumbusha kanuni ya wiki ya kufunga: dawa huingia tu iwapo mwenye ripoti amethibitisha kwamba ugonjwa umepona. Mwenye ripoti alithibitisha Januari na sasa anakanusha. Atakubaliwa mara moja zaidi, kwa masharti: aseme kama mashine imefutwa, imewashwa mara ngapi na imeongea mara ngapi. Mtunzaji wa sauti alikuwa wa mwisho. Alisema kosa ni la wawili, kwa kuwa yeye mwenyewe hana kadi ya aina hiyo na alirekebisha kwa kukisia. Akaomba muda mpaka kesho.

Dawa mpya ilifika Alhamisi saa sita na nusu mchana. Sifuri aliifuta mashine ya akiba, akaweka nakala aliyokuwa ameshaipakua asubuhi na dawa hiyo juu yake, na ilipofika saa nane na dakika ishirini kila kitu kilikuwa tayari. Fundi alikuwa amekuja wakati wa chakula na hakuondoka. Alisimama mlangoni, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni, akiangalia saa ya simu yake kila baada ya muda mfupi.

Mara ya kwanza mashine iliongea. Ilisema chagua jina lako, kwa sauti ile kavu ambayo Sifuri angeitambua sokoni. Mara ya pili iliongea. Fundi akaanza kutafuta namba ya katibu kwenye simu. Mara ya tatu ilinyamaza. Walisubiri dakika nzima; kulisikika feni ndogo ya ndani na gari linalorudi nyuma barabarani. Mara ya nne iliongea. Mara ya tano iliongea. Mara ya sita ilinyamaza, na ilikuwa imebaki dakika kumi na nane toleo lifungwe.

Aliyeanza ni fundi. Alisema mara nne kati ya sita si haba, na kwamba asubuhi ikiamka vibaya itazimwa na kuwashwa, basi. Hakuna mtu atakayehesabu.

"Inachukua muda gani kupakua ile nakala ikiwashwa?" Sifuri aliuliza, ingawa alijua.

"Dakika kumi na moja."

"Dakika kumi na moja, na chumba cha kujifungulia kinapiga."

Fundi akatazama sakafu.

Mke wa Sifuri hakutazama sakafu. Alikuja mpaka mezani, mkasi bado mkononi.

"Andika imepona," alisema. "Neno lile lile. Mara ya kwanza uliliandika bure. Safari hii liandike likufae."

"Si kweli, mama."

"Hata ile ya kwanza haikuwa kweli, na dunia haikuanguka."

"Ile sikujua."

"Kiti kikishapata mtu hakirudi, baba. Septemba watakwambia subiri Machi, Machi watakwambia karani ameshazoea. Unajua."

"Najua," alisema Sifuri.

Kisha akaandika. Fundi, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, anasema hakusita hata kwenye herufi moja, na kwamba hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliandika: "Mashine imefutwa. Imewashwa mara sita, imeongea mara nne. Haijapona." Ukurasa unaonyesha saa nane na dakika arobaini na saba. Mtunzaji wa sauti alijibu mara moja kwamba ameona tatizo liko wapi na anaomba nusu saa. Msimamizi wa toleo alijibu kwamba nusu saa haipo. Saa tisa kamili toleo lilifungwa. Ripoti namba 48117 iliwekwa kwenye orodha ya hitilafu zinazojulikana, na mbele yake sentensi moja inayowashauri wanaotumia kisoma skrini wasubiri sasisho la kwanza, mwezi wa nne.

Mke alichukua kitambaa alichokuwa akikikata, akakikunja, akaenda jikoni. Fundi alifunga mashine ya akiba kwenye shuka lake. Alipofika mlangoni alimwambia Sifuri kwamba yeye angeandika imepona, na angelala vizuri tu. Sifuri akamwambia anajua, ndiyo maana mashine za wodini zinazimika ovyo. Fundi alicheka, kidogo, kwa pua.

Ijumaa asubuhi Sifuri hakumpigia katibu. Alipanda mwenyewe ngazi zilizo juu ya chumba chake, fimbo ikigonga kila kidato, akabisha hodi.

"Mama, nilikwambia limekwisha," alisema. "Halikuwa limekwisha. Nilikosea mimi, si fundi."

Katibu alimuuliza kama kuna mtu mwingine hospitalini ambaye angeweza kuligundua mapema. Sifuri akasema hayupo. Katibu akamuuliza kama mashine inaweza kuachwa na toleo la zamani, hiyo moja tu, kisha akajijibu mwenyewe kwamba makao makuu hawataruhusu. Alishawauliza jana yake, baada ya kusikia kwa fundi. Akasema itabidi barua ifuatwe kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Mwishoni alimwomba atumie mchana wa siku hiyo kumfundisha karani.

Alimfundisha. Karani, mama wa makamo anayeogopa vitufe, alileta kadi za manila na kalamu nene, Sifuri akamtajia namba za ndani kuanzia ya kwanza mpaka ya mia tatu na kumi na mbili, kila moja na jina la mtu, chumba, na tabia: huyu hapokei mpaka ilie mara tano, huyu ukimwita nesi badala ya sista atakukatia simu, huyu anapenda kuulizwa hali ya mguu wake kwanza. Waliposhuka mpaka namba za wodi ya watoto karani alianza kulia, na akasema hajaomba kiti hiki. Sifuri akamwambia aandike, muda unakwenda.

Dawa ya kweli ilitoka Ijumaa hiyo hiyo, mistari saba. Sifuri aliijaribu Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwenye kompyuta yake mwenyewe, ambayo safari hii aliifuta yote, na ripoti zake mia mbili na kumi na nne za miaka kumi na moja akazihifadhi pembeni kwanza. Aliiwasha mara arobaini. Iliongea mara arobaini. Mkewe alihesabu naye mpaka ya kumi na tisa, kisha mteja akaja. Dawa hiyo itawafikia watumiaji wote wa mfumo huo mwezi wa nne, isipokuwa wale ambao nakala yao inabadilishwa Septemba.

Jumatatu tarehe 20 Machi, saa moja na nusu asubuhi, Sifuri ataripoti kwa muuguzi msimamizi wa chumba cha shashi. Karani atakuwa kwenye simu kuanzia saa moja.